Ukiwa na watoto wadogo Lodwar: wapi pa kuwatoa, na saa ngapi

Mtu wa pwani akihamishiwa Lodwar kikazi, swali la kwanza nyumbani huwa ni la nyumba na maji. La pili huja shule zikifungwa. Mama na watoto wamepanda kutoka Malindi au Kwale, wamekaa siku tatu chini ya feni, na sasa wanauliza watapelekwa wapi. Hapa hakuna Mama Ngina ya kwenda kula mihogo ya kukaanga jioni, wala Haller Park ya kumtazama kobe. Pa kwenda papo, na pengine ni pazuri kuliko hapo, ila ni lazima ujue saa.

Lodwar iko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, chini ya vilima vya mawe meusi ya volkeno. Msidanganyike na neno kilima mkafikiri pana baridi. Mchana joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na hewa ni kavu. Joto letu la pwani hukutoa jasho ukaliona. La Turkana hulikausha jasho kabla hujalihisi, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kuishiwa na maji mwilini huku fulana yake ni kavu. Tazama mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya mkandaa, matembezi yameisha, rudini kivulini mumpe maji na pakiti ya ORS. Basi siku ya mtoto ina vipande viwili, baada ya alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na kutoka saa kumi na moja hadi Maghribi. Katikati ni kulala, kuchora na kusoma juzuu. Kwa kuwa Lodwar iko magharibi, Maghribi yake kwa wastani huchelewa kama robo saa kuliko ya Mombasa, na kwa mzazi hiyo robo saa si haba.

Kwa jioni ya kwanza, anzeni na kilima chenye sanamu ya Wakatoliki iliyonyoosha mikono juu ya mji. Ni mahali pao pa ibada na hija, kwa hivyo ombeni ruhusa, vaeni kwa heshima, na watoto wasipige kelele. Mtoto wa miaka mitano hupanda, wa miaka miwili hubebwa. Juu unaona mji wote, mstari wa kijani wa mto Turkwel, na jangwa lisilo na mwisho.

Mjini ipo pia nyumba aliyowekwa Jomo Kenyatta. Baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung mwaka 1959, Waingereza hawakumwachilia. Walimweka Lodwar chini ya amri ya kutotoka, akiripoti kwa mkuu wa wilaya, hadi 1961. Mama Ngina aliungana naye huko. Kwa mtoto mdogo ni ziara ya nusu saa tu. Mwenye miaka saba au minane ataelewa ukimwambia kuwa huyu mzee alikatazwa kwenda mbali na nyumba hii.

Mahali watoto watakapopapenda kuliko pote ni mtoni, na hapo ndipo nataka msomaji anisikilize vizuri.

Mito mingi ya Turkana ni mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Wenyeji huiita laga. Chini ni mchanga safi, mpana kama ufuo wetu maji yakipwa, na kando yake miti mikubwa yenye kivuli. Kina mama wa Kiturkana huchimba mashimo mchangani wakateka maji, na mtoto wa pwani aliyezoea kuchimba kaa huona amefika kwao. Tatizo ni kwamba maji ya laga hayatoki pale ulipo. Mvua ikinyesha milimani, upande wa Uganda au kusini kuelekea Pokot, maji hushuka kwa kasi na kufika chini ya mbingu isiyo na wingu. Kawalase hapo Lodwar na Tarach ya Kakuma zimewahi kufurika namna hiyo na kuua watu. Sisi tumelelewa na bahari, na bahari ina saa zake: maji kujaa na kupwa tunayajua. Laga haina saa. Kwa hivyo miezi ya mvua, hasa Aprili na Mei, na tena Oktoba na Novemba, watoto wasicheze ndani ya laga hata kama mchanga ni mkavu. Miezi mingine, mkubwa mmoja akae juu ya ukingo, asiwe na simu mkononi, na wenyeji wakianza kutoka, tokeni nao bila kuuliza. Gari lisiegeshwe ndani ya laga hata kwa dakika tano.

Turkwel yenyewe huwa na maji kwa muda mrefu zaidi, na mto huu una mamba. Tazameni, msioge.

Jambo jingine la nyikani ni vichuguu. Turkana vipo virefu kupita kimo cha mtu, na kila mtoto anataka kuvipanda. Usubi mchanga wanaoeneza kalaazar hujificha humo na kutoka magharibi ikiingia. Wacheze mbali navyo, na jua likizama wavae mikono mirefu. Mtoto akirudi pwani na homa isiyoisha kwa wiki kadhaa na tumbo limevimba upande wa kushoto, mwambieni daktari kuwa alikuwa Turkana. Pwani hakuna atakayelifikiria hilo.

Siku ya ziwa ni siku nzima, na ianze baada ya Alfajiri. Eliye Springs iko kama kilomita 60 kutoka Lodwar, njia nyingine ni mchanga, kwa hivyo nendeni na gari la kufaa na dereva anayeijua. Pana chemchemi na mikoma, mti uleule ambao majani yake yanatupa miyaa ya mikeka. Wanawake wa Kiturkana husuka vikapu kwa majani hayohayo. Mkalishe binti karibu nao. Bibi anayejua kusuka hatahitaji mkalimani. Ziwa limepanda miaka ya karibuni likameza sehemu ya ufuo na baadhi ya mikoma, basi picha za zamani zisikupoteze. Maji yake ni ya magadi, hayafai kunywa, na mamba wapo. Watoto waoge pale tu wenyeji wa mahali hapo wanapowaonyesha, na mkono wa mkubwa uwe karibu. Kisiwa cha Kati na mashua yake kisubiri hadi wakue, kwa sababu upepo wa Turkana si mchezo.

Mkienda Kalokol, simameni Namoratunga, kando ya barabara. Ni nguzo 19 za mawe zilizosimama kama watu. Waturkana husimulia kuwa walikuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliandika kuwa zimepangwa kufuata nyota, wengine wakapinga, na sasa nguzo za aina hii kando ya ziwa huhesabiwa kuwa kazi ya wafugaji wa kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Watoto wataishika hadithi ya ngoma, na hakuna ubaya.

Kakuma iko kama kilomita 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar. Waandishi wa nje hupenda kusema jina hilo ni Kiswahili, eti maana yake ni "pasipo popote". Sisi wenye lugha hatulijui neno hilo. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa vijana waliotembea kutoka Sudan, na leo humo utakuta Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Si mahali pa kwenda kutazama watu. Ila kama unafanya kazi huko na una kibali, Idi ya Kakuma ni siku njema ya kuwatoa watoto: misikiti ipo, mikahawa ya Kisomali na ya Kihabeshi ipo, na mpira ukitolewa uwanjani hawaulizani nani katoka wapi. Watano kati ya wanariadha wa timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walitoka kambi hii. Nunueni maji ya kutosha kabla ya kuondoka Lodwar, safirini mchana tu, na ulizeni hali ya barabara asubuhi ileile.