Pitisha, hamisha, nakili: data kati ya hati na kisanduku cha mazungumzo

pitisha *kt* kauli ya kutendesha ya *pita*. 1 wezesha kitu kipite mahali: *Pitisha mzigo mpakani.* 2 idhinisha: *Bunge limepitisha bajeti.* 3 (kompyuta) pelekea sehemu nyingine ya programu thamani ili iitumie: *Pitisha data kwenye kisanduku.*

Matumizi

Maana ya kwanza na ya tatu hukanganywa mara nyingi. Mjini Tunduma, mkoani Songwe, lori likishapitishwa na kuingia Nakonde, upande wa Zambia, halipo tena Tunduma. Data sivyo zilivyo. Zikipitishwa kutoka kwenye hati hadi kwenye kisanduku cha mazungumzo, kinachovuka ni nakala. Asili hubaki ilipo.

Tuchukue mfano wa programu ya wakala wa forodha. Hati iliyo wazi inaonyesha uzito wa mzigo, kilo 28,000. Wakala anafungua kisanduku cha kuhariri, nacho kinaonyesha 28,000. Anafuta, anaandika 27,500. Wakati huo zipo thamani mbili: mpya iliyo kisandukuni na ya awali iliyo kwenye hati. Akibofya *Sawa*, thamani mpya hurudishwa na hati husasishwa. Akibofya *Ghairi*, kisanduku hufungwa na hati hubaki na kilo 28,000.

Mfasiri akiandika kwamba uzito «unahamishiwa» kisandukuni, msomaji ataelewa kuwa hati imeachwa tupu, na *Ghairi* haitakuwa na maana, kwa kuwa hakuna cha kurejea. Mtumiaji wa namna hiyo aweza kudhani kuwa alichoandika kisandukuni kimekwisha kuingia kwenye hati, akafunga kisanduku bila kubofya *Sawa*, na hati ikaenda forodhani na uzito usio sahihi.

Katika MFC, maktaba ya Microsoft kwa lugha ya C++, pande hizi mbili hutenganishwa waziwazi. `UpdateData(FALSE)` hujaza kisanduku kutoka kwenye vigeu vyake. `UpdateData(TRUE)` huchukua kilichoandikwa na kukiweka katika vigeu hivyo. Vigeu hivyo ni vya kisanduku, si vya hati. Mwandishi wa programu ndiye anayeiandikia hati thamani mpya, baada ya `DoModal` kurejesha `IDOK`. Kwa hiyo, Kiswahili nacho kitumie vitenzi viwili: data *hupitishwa* kwenda kisandukuni, kisha *hurudishwa* kwenye hati.

Tofautisha

*hamisha*: ondoa pamoja na kuweka pengine, asili haibaki. *Hamisha faili hadi kwenye folda nyingine.*

*nakili*: tengeneza mfano wa kitu bila kukiondoa. Hueleza kinachotokea kwa data, lakini hakisemi zinakwenda kwa nani.

*pisha*: mpe mtu au chombo nafasi apite. *Pisha lori.* Usiseme *pisha data*.

Ngeli

*Hati* na *data* ni za ngeli ya I-/ZI-: *hati hii imesasishwa, data hizi zimepitishwa*. *Kisanduku* ni cha KI-/VI-: *kisanduku kimefungwa*. Upatanisho ukizingatiwa, msomaji hutambua mara moja kilichofungwa na kilichobadilika.