Umeme Utokao Katika Maji Machafu

Sisi tukaao Tchomia, kando ya Ziwa Albert, twapata riziki yetu majini. Lakini uchafu wa vyoo ukishuka ziwani, na watu wakateka maji yale yale, kolera huingia nyumbani. Kwa hiyo yafaa tuijue habari ya bakteria walao uchafu na kutoa umeme.

Habari hii si ya jana. Mwaka 1911 Bwana M. C. Potter, mtaalamu wa mimea huko Uingereza, alionyesha kwamba hamira na bakteria wakilishwa hutoa umeme kidogo. Mwaka 1931 Barnet Cohen wa Marekani aliunganisha vyombo vingi vya namna hiyo, akapata volti zaidi ya 35. Lakini mkondo wake ulikuwa hafifu mno. Miaka mingi ikapita bila faida kubwa. Kisha, mwaka 2004, Bruce Logan na wenzake, huko Marekani, walitia maji machafu ya mji katika chombo chao. Yakatoa umeme, na hadi sehemu 80 kwa 100 za uchafu uozao zikaondoka.

Umeme huo watoka wapi? Bakteria hawa hukaa pasipo hewa. Wakila uchafu, huachilia elektroni, yaani chembe ndogo sana za umeme, juu ya kipande cha kaboni. Chembe hizo hupita katika waya mpaka kipande cha pili kipatacho hewa. Mwendo wao ndio umeme.

Jambo hili limefika hata kwa jirani zetu. Mwaka 2017 wataalamu kutoka Bristol, wakiongozwa na Ioannis Ieropoulos, waliweka vyombo hivyo katika shule ya wasichana ya Seseme, Kisoro, Uganda, si mbali na mpaka wa Bunagana. Mkojo wa wanafunzi ukawasha taa za vyoo usiku.

Je, umeme huu waweza kuangaza Tchomia yote? La, ni mchache, na maji yatokayo chomboni hayafai kunywa. Faida yake ni nyingine. Katika miji mikubwa, kusafisha maji machafu hula umeme mwingi wa kuyapulizia hewa. Bakteria hawa hawaudai, wao hutoa. Kwa pwani isiyo na umeme wa kutosha, hilo ni jambo kubwa.

Ila tusikae tukingoja chombo. Choo kichimbwe mbali na maji, na maji ya kunywa yachemshwe, leo hii.