Wakili wa Wageni: Gandhi na Waislamu wa Afrika ya Kusini, 1893–1914

Mlango wa nchi una bawabu, na bawabu huyo ni sheria. Mgeni asiyejua lugha ya sheria husimama nje hata akiwa na haki ya kuingia, na aliyekwisha kuingia huweza kutolewa pasipo kulijua kosa lake. Kwa hiyo wakili anayewatetea wageni amebeba amana kubwa. Miongoni mwa walioibeba amana hiyo ni Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa Porbandar, Bara Hindi, mwaka 1869. Wengi humjua kwa habari za uhuru wa nchi yake. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa wakili wa wahamiaji huko Afrika ya Kusini kwa muda wa miaka 20, na kwamba waliomwita huko walikuwa wafanyabiashara Waislamu.

Gandhi alipata shahada ya uwakili London mwaka 1891. Aliporejea Bombay, katika kesi yake ya kwanza alisimama mbele ya hakimu akaishiwa na maneno, akaketi. Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, Mwislamu mwenye biashara na meli katika bandari ya Durban, ikamwajiri kwa mwaka mmoja kwa pauni 105. Safari yake ilipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Haukupita muda tangu awasili, akatolewa kwa nguvu katika gari la moshi hapo Pietermaritzburg, ingawa alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza. Kosa lake lilikuwa rangi yake.

Kesi aliyoitiwa ilikuwa baina ya Dada Abdulla na jamaa yake, Tyeb Sheth wa Pretoria, na dai lenyewe lilikuwa pauni 40,000. Gandhi aliwashauri waache mahakama wamwendee mwamuzi. Dada Abdulla akapewa haki yake, naye akakubali kulipwa kidogo kidogo ili jamaa yake asifilisike. Hapo ndipo wakili huyo kijana alipotambua kwamba kazi ya sheria ni kuwaunganisha waliofarakana.

Mwaka 1894, alipokuwa akiagwa ili arudi kwao, ilijulikana kuwa Serikali ya Natal imeleta muswada wa kuwanyima Wahindi haki ya kupiga kura. Wafanyabiashara wakamsihi abaki. Alikubali, ila alikataa kulipwa ujira kwa kazi ya umma. Wao wakamkabidhi kesi zao za biashara ili apate riziki yake. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo chama cha Natal Indian Congress kikaundwa. Chama cha mawakili wa Natal kilipinga asiandikishwe, lakini mahakama ikamkubali.

Hapo awali chama kilikuwa zaidi cha matajiri. Ndipo siku moja akaingia ofisini mwake Balasundaram, kibarua wa mkataba kutoka upande wa Kitamil, nguo zimechanika, meno yamevunjwa na bwana wake, kilemba amekishika mkononi. Kwa sheria ya wakati ule, kibarua wa mkataba aliyemwacha bwana wake alihesabiwa mhalifu. Gandhi alimpeleka kwa hakimu, kisha akamtafutia bwana mwingine. Habari zikaenea mashambani, na tangu hapo wanyonge wakajua kwamba wanaye msemaji. Mwaka 1895 ikawekwa kodi ya pauni 3 kwa mwaka kwa kila kibarua aliyemaliza mkataba akataka kubaki nchini, ilhali mshahara wa watu hao haukuzidi shilingi 14 kwa mwezi. Kodi hiyo ikawa hoja yake kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alirejea kutoka Bara Hindi pamoja na jamaa zake. Meli mbili, Courland na Naderi, zenye abiria 800 hivi, zilizuiliwa bandarini Durban kwa siku 23 kwa kisingizio cha ugonjwa. Aliposhuka tarehe 13 Januari 1897, kundi la wazungu lilimpiga mpaka akakaribia kuzimia. Akaokolewa na mke wa mkuu wa polisi, aliyemkinga kwa mwavuli wake. Alipotakiwa awashitaki waliompiga, alikataa. Mwaka huohuo Natal ikatunga sheria ya kuwazuia wahamiaji kwa mtihani wa lugha ya Kizungu.

Baada ya Vita vya Makaburu vya 1899–1902, Wahindi waliokuwa wameikimbia Transvaal walitaka kurudi makwao, wakakuta hawawezi kuingia bila kibali. Gandhi alifungua ofisi Johannesburg mwaka 1903, na vibali vya wakimbizi hao vikawa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Mwaka 1906 ikaletwa amri ya kuwaandikisha Wahindi wote kwa alama za vidole. Tarehe 11 Septemba watu 3,000 hivi walikusanyika Johannesburg, na Haji Habib akaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hataitii amri hiyo. Gandhi akawaeleza watu uzito wa kiapo, kisha wote wakaapa.

Januari 1908 wakili akawa mfungwa. Alipopatana na Jenerali Smuts, Mir Alam, Mpathani aliyekuwa mteja wake, alidhani wamesalitiwa, akampiga vibaya. Gandhi akaomba asishitakiwe. Ahadi ya Serikali ilipovunjwa, vyeti zaidi ya 2,000 vilichomwa moto tarehe 16 Agosti 1908 katika uwanja wa Msikiti wa Hamidia, na Mir Alam akakitoa cheti chake nacho kichomwe. Ahmad Muhammad Kachhalia, mwenyekiti wa harakati hizo, alifilisiwa na wadai kwa ajili ya msimamo wake, na kila mdai akalipwa haki yake kwa ukamilifu.

Machi 1913 hukumu ya Jaji Searle, katika shauri la Bai Mariam aliyezuiliwa kuingia nchini kumfuata mumewe, ilisema kwamba ndoa iliyofungwa kwa dini inayoruhusu wake wengi haitambuliwi. Kwa hukumu hiyo wake wa Kiislamu na wa Kihindu wakawa si wake mbele ya sheria. Wanawake nao wakaingia katika harakati na kufungwa, akiwemo Kasturba, mkewe Gandhi. Tarehe 6 Novemba wanaume 2,037, wanawake 127 na watoto 57 wakauvuka mpaka wa Transvaal kwa miguu. Mwaka 1914 sheria mpya ikaifuta kodi ya pauni 3 na kuitambua ndoa ya mke mmoja. Mwezi wa Julai Gandhi akaondoka.

Historia hutaka insafu, na insafu haimfichi mtu aibu yake. Katika maandishi yake ya miaka ile Gandhi aliwataja Waafrika kwa dharau, akataka Wahindi wasiwekwe daraja moja nao. Mwaka uleule wa 1913 Sheria ya Ardhi iliwaachia Waafrika asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao wenyewe, na harakati zake hazikuwa kwa ajili yao. Huruma yake ilianza kwa tajiri aliyemwajiri, ikamfikia kibarua aliyevunjwa meno, ikamfikia mke aliyezuiliwa bandarini. Lakini kwa mwenyeji wa nchi ilisita.

Hilo ndilo fundisho kwa kila jumuiya inayosaidia wageni. Kumtetea aliye wetu ni wajibu, na Dada Abdulla, Haji Habib na Kachhalia waliutimiza kwa mali na kwa miili yao. Lakini wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Haki anayotafutiwa mgeni haitimii mpaka mwenyeji naye awe na fungu lake ndani yake.