Chungu, Mvuke na Mwili: Ufinyanzi na Tiba kutoka Bonde la Rukwa hadi Saza

Katika ukanda unaotoka bonde la Ziwa Rukwa hadi mpakani Tunduma, chungu kilikuwa chombo cha tiba muda mrefu kabla hakijafanywa mfano wa mtu anayejiponya, na utaratibu huo una uzito wake, kwa sababu wengi wanaozungumzia ufinyanzi siku hizi kama njia ya kuutuliza mwili na kujikubali huanza na mfano, ndipo waende kutafuta udongo. Saza, kata ya Wilaya ya Songwe iliyo katika nchi ya Wabungu na majirani zao, inajulikana kwa dhahabu na si kwa vyungu. Hata hivyo historia ya dhahabu hiyo haiwezi kutenganishwa na ya vyungu, kwa kuwa mgodi ndio uliowaleta pamoja watu wa makabila mengi waliokuja na namna zao za kutibu maumivu, na ndio uliozoesha kambi kutumia debe na karai mahali pa chombo cha udongo.

Ufinyanzi wenyewe ni wa kale sana katika pande hizi. Kwenye Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, uchimbaji ulioongozwa na J. Desmond Clark kuanzia miaka ya 1950 ulifukua vigae vya wakulima wa Zama za Chuma za Mwanzo, yaani kipindi ambacho jamii za wakulima zilianza kuyeyusha chuma, vikiwa na umri unaorudi nyuma hadi takriban karne ya 4. Karibu zaidi na Saza, huko Ivuna katika Wilaya ya Momba ya leo, Brian Fagan na John Yellen walichunguza miaka ya 1960 mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa kati ya karne ya 13 na ya 15, ambapo maji ya chumvi yalichemshwa vyunguni mpaka yakakauka. Kazi hiyo hula vyungu vibaya sana, na ndiyo maana vigae vyake hubaki kwa wingi ardhini. 

Mafundi mashuhuri zaidi wa kusini-magharibi ni wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vya jirani kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vilisafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Matema na kutoka hapo vikapandishwa milimani. Mfinyanzi hukanda udongo mpaka uishe mapovu ya hewa, kwa kuwa mapovu huudhoofisha ukuta wa chombo. Huuinua ukuta kwa vidole, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, husugua kwa kokoto laini, kisha hukiacha chombo kivulini kikauke polepole. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki huongezwa pia mchanga au unga wa vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika vilivyotwangwa na kuchanganywa na udongo mbichi. Unga huo umekwisha kupita motoni, hausinyai tena, na hivyo hupunguza kusinyaa kwa chungu kipya na kukikinga na nyufa. Chungu kilichokufa huingia mwilini mwa kinachozaliwa, wala si rahisi kwa jicho kukiona.

Kwamba udongo na mwili vilisomwa pamoja halikuwa wazo la kishairi tu. Wafipa walijenga malungu, matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma yenye urefu wa takriban mita tatu, na waliyatendea kama bibi harusi anayetarajiwa kuzaa, huku fundi mkuu akija na kikapu cha dawa ambazo baadhi yake zilifukiwa chini ya tanuru. Ng'ambo ya mpaka, miongoni mwa Wabemba, Audrey Richards alishuhudia mwaka 1931 chisungu, unyago wa wasichana aliouleza katika kitabu chake cha 1956, ambamo wanawake wazima walifinyanga sanamu za udongo ziitwazo mbusa ili kumfundisha mwari habari za mwili, ndoa na kazi. Baadhi ya sanamu kubwa zilichukua saa nyingi kutengenezwa na zikabomolewa mara tu baada ya kutumika. Mafunzo yalikuwa yamekwisha kumwingia mwari, na udongo ulikuwa umemaliza kazi yake.

Tiba inayohitaji chungu kuliko zote ni nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa. Chungu kipana hufunikwa kwa jani la mgomba na kuteguliwa mekoni kikiwa bado kinatokota. Mgonjwa huketi kwenye kigoda, hufunikwa blanketi zito pamoja na chungu chenyewe, na jani hufunuliwa kidogo kidogo ili mvuke usimwunguze. Ukuta mnene wa udongo hushika joto muda mrefu kuliko bati. Majani yanayotumika leo yanaonyesha kwamba desturi hii haikuganda, kwani mwarobaini ulitoka Bara Hindi na mkaratusi ukatoka Australia, na yote miwili huhesabiwa sasa kuwa dawa ya mababu. Jirani na nyungu iko desturi ya kumkanda mzazi, ambapo mwanamke aliyejifungua hukandwa tumbo, kiuno na mgongo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Wakunga wa hospitali wameonya mara nyingi dhidi yake kwa sababu maji yakizidi moto huunguza, lakini onyo hilo halikuondoa kinachotafutwa na mzazi, ambacho ni mikono ya mtu mzima aliyekwisha kuzaa ikimshughulikia mwili uliochoka bila kuuonea haya.

Dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922, na hasa mgodi wa New Saza ulipofanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, watu walimiminika kutoka kila upande. Wakati huohuo Sheria ya Uchawi ya 1928 iliwafanya waganga wengi wafanye kazi zao kwa tahadhari, kwa kuwa mpaka kati ya dawa na uchawi uliamuliwa na maofisa ambao hawakuujua. Serikali huru ilichukua njia nyingine: mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asilia, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Nyungu ilirudi hadharani kwa kishindo mwaka 2020, Rais John Magufuli alipohimiza kujifukiza wakati wa janga la korona. Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi kwamba mvuke huua kirusi hicho, na kwa hilo lilikuwa sahihi. Ila jasho, joto na kuhudumiwa na jamaa havijawahi kudai kazi hiyo peke yake.

Mfano unaopendwa sasa katika maandishi ya kujiponya ni kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga chombo kilichovunjika kwa utomvu na unga wa dhahabu ili ufa ung'ae. Ni ufundi mzuri, lakini Saza, iliyotoa dhahabu kwa miaka kumi na saba ya mgodi huo, haikuunga chungu hata kimoja kwa dhahabu yake. Kuukubali mwili wenye kovu, kwa desturi za upande huu, kulikuwa zaidi kuupa kazi nyingine kuliko kulipamba kovu: gae lilitumika kubebea kaa la moto kutoka kwa jirani, kufunika mtungi au kulishia kuku, au lilitwangwa likarudi kwenye udongo. Mzazi aliyekandwa hakuambiwa kwamba mwili wake ni mzuri kama zamani. Alipewa uji wa moto, akapumzishwa, akarudishiwa majukumu kwa awamu. Nyungu nayo inaendelea, ingawa katika nyumba nyingi sasa hupigwa kwa sufuria, ambayo hupoa upesi na kulazimu maji yachemshwe mara ya pili kabla mgonjwa hajatoka jasho la kutosha.