Kukisia Hoja na Kuihukumu
Walimu wa logika wa zamani walitenga mambo mawili: kutafuta hoja, na kuihukumu. Mwaka wa 1956, huko Marekani, Newell, Simon na Shaw waliipa mashini kazi ya kutafuta: katika theorema 52 za kwanza za sura ya pili ya Principia Mathematica, ikathibitisha 38. Lakini ilifuata kanuni zilizowekwa na watu. AlphaProof ya mwaka wa 2024 ilijifunza yenyewe, kwa kujaribu mara nyingi, kuchagua hatua ifaayo; ikajibu maswali 3 kati ya 6 ya mashindano ya hesabu ya wanafunzi wa dunia. Hata hivi, kila hatua ilipimwa na programu nyingine, Lean, isiyokisia kamwe. Basi, kukisia vema si kuthibitisha. Anayekisia asiwe hakimu wa hoja yake.