Kubadilisha madirisha Base Camp, Nakivale: kupima, kusafirisha kutoka Mbarara na kufunga

Mfuko wa saruji ukishafika salama unafaa kwa nyumba yoyote. Dirisha halina bahati hiyo. Linaingia kwenye tundu moja tu, na likizidi kwa sentimita mbili linabaki mikononi mwa aliyelileta. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wengi wanaopeleka madirisha Nakivale hupata hasara kabla fundi hajashika nyundo. Makala haya yanaeleza kazi yote kwa mpangilio: aina za kuta, vipimo, usafirishaji na ufungaji.

MAHALI NA SOKO

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati huo kwa ajili ya Wanyarwanda. Sasa wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Base Camp ni moja ya kanda zake tatu, pamoja na Juru na Rubondo. Soko kubwa la vifaa vya ujenzi lililo karibu ni Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020.

Nyumba nyingi za mwanzo huwa na matundu madogo yenye kibao cha mbao au kipande cha turubai. Ukifunga, ndani kunakuwa giza na moshi wa jiko unabaki. Ukifungua, mvua, vumbi na mbu vinaingia. Familia inapopata fedha kidogo, dirisha la chuma lenye kioo na wavu huwa miongoni mwa mambo ya kwanza kufikiriwa. Madirisha ya plastiki ngumu yanayotumika sana Marekani na Ulaya ni machache huku. Linalouzwa zaidi ni la chuma, linalotengenezwa na mafundi wa kuchomelea.

JAMBO LA KUJUA KUHUSU KIWANJA

Kwa mujibu wa Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010, mkimbizi hutumia ardhi aliyopewa lakini hana haki ya kuiuza wala kuipangisha. Nyumba haihami, na mwenyewe anaweza kuhamishiwa nchi nyingine au kurejea kwao. Mteja mwenye busara atauliza kama dirisha lake linaweza kung'olewa bila kuharibika. Mfanyabiashara awe na jibu, na jibu hilo linategemea namna ya kufunga.

AINA TATU ZA KUTA

1. Ukuta wa miti, fito na udongo. Nguvu yake iko kwenye miti iliyosimama. Udongo peke yake haushiki skrubu wala msumari kwa muda mrefu.

2. Ukuta wa matofali, mabichi au ya kuchoma. Tofali la kuchoma linashika saruji vizuri. Tofali bichi halishikani nayo vizuri, hivyo saruji huachia kwa vipande.

3. Ukuta wa fremu ya mbao uliozungushiwa mabati. Huu unafanana na nyumba za Marekani zilizovalishwa ganda la plastiki au mbao kwa nje, na kanuni yake ni ileile: ganda ni koti la mvua, na dirisha hufungwa kwenye mbao zilizo nyuma yake.

VIPIMO

Pima upana sehemu tatu: juu, katikati na chini. Pima urefu sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, kisha punguza sentimita 1 kila upande. Tundu likiwa na upana wa sentimita 92, 90 na 91, fremu iwe na sentimita 88.

Pima pia kutoka pembe hadi pembe, mara mbili. Namba mbili zikitofautiana, tundu limepinda, na ni tundu linalonyooshwa. Fremu isipindishwe kulifuata.

Tumia kipimo cha aina moja tu. Mafundi wengi husema futi na wateja husema sentimita. Futi 4 ni sentimita 121.9, wala si 120. Tofauti hiyo ya karibu sentimita 2 inatosha kurudisha fremu Mbarara. Andika vipimo kwenye karatasi, chora upande ambao jani linafungukia, na mteja aweke sahihi.

USAFIRISHAJI: FREMU KWANZA, KIOO MWISHO

Kioo cha milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa mita moja ya mraba. Cha milimita 3 kina kilo 7.5. Sehemu ya safari kuingia na kuzunguka ndani ya makazi ni barabara za udongo na changarawe, ambazo huharibika zaidi miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Fremu iliyokwisha kuwekwa kioo hupinda kidogo gari linaporuka shimo, na kioo hupasuka. Peleka fremu tupu, zifungwe ukutani, kisha kila tundu la kioo lipimwe upya.

Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama kwa ukingo, kimeegemea fremu ya mbao, na maboksi kati ya kipande na kipande. Kisilazwe sakafuni mwa gari. Kisilowe, kwa sababu maji yakikaa kati ya vioo huacha madoa yasiyotoka.

Kama kuna fundi wa kukata kioo Base Camp, ni nafuu kupeleka shiti nzima. Shiti ikivunjika pembe bado inatoa vipande vidogo, lakini kipande kilichokatwa tayari kikivunjika ni hasara tupu. Ili safari ya pili isile faida, kusanya oda za nyumba kadhaa. Mkataba uonyeshe nani anabeba hasara ya kioo dukani, njiani na baada ya kushushwa.

KWA WANAOVUKA MPAKA

Ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza Januari 2005. Bidhaa yenye asili ya Jumuiya na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani inaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili, ikiwa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kioo cha China hakigeuki kuwa cha Jumuiya kwa sababu kimenunuliwa Kariakoo au Kigali. Mara nyingi ni rahisi zaidi kununua Mbarara na kutunza risiti.

KUFUNGA

Kabla ya kung'oa dirisha la zamani, egemeza paa kwa nguzo za muda. Lipu au udongo wa nje ukatwe kwa tindo kuzunguka tundu tu, ili ukuta mwingine usipasuke.

Juu ya tundu lazima kuwe na linta. Kwenye matofali mabichi iingie ukutani angalau sentimita 30 kila upande. Kwenye ukuta wa miti, simamisha mti mzima kila upande wa tundu na uufunge kwenye boriti ya juu. Bila linta, uzito wa ukuta na paa utakaa juu ya fremu, na majani hayatafunguka.

Kwenye tofali la kuchoma, masikio ya fremu hujengewa kwa saruji. Kwenye udongo na tofali bichi, weka kwanza fremu ya mbao iliyopigiliwa kwenye miti au linta, kisha funga ile ya chuma kwa skrubu. Dirisha la namna hii mwenyewe anaweza kulifungua na kuondoka nalo. Tumia pima maji na timazi kabla ya kukaza.

Kwenye ukuta wa mabati, kipande cha bati kilichokunjwa kiwekwe juu ya dirisha: ukingo wake wa juu uingie nyuma ya bati la ukuta, na wa chini utokeze mbele ya fremu. Chini ya dirisha, bamba la kizingiti lipite mbele ya bati la ukuta. Ukigeuza mpangilio huo maji yataingia ndani na kuozesha mbao, hata ukijaza silikoni kiasi gani.

Kizingiti cha chini kiinamie nje. Paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kioo. Acha nafasi ya milimita 2 kuzunguka kioo, weka puti, na subiri ikauke kabla ya kupaka rangi ya mwisho. Wavu wa mbu ufungwe upande ambao jani halifungukii.

KABLA YA KULIPWA

Fungua na kufunga kila jani mara kadhaa, hakikisha komeo linaingia, na mwaga ndoo ya maji kwa nje juu ya dirisha huku mteja akiwa ndani. Ndani kukibaki kukavu, kazi imekwisha.