Yusuf bin Hasan: sultani aliyebadilishwa dini akiwa mtoto

Juu ya lango kuu la Fort Jesus, Mombasa, pana jiwe lenye maandishi ya Kireno. Wageni wengi hupita chini yake mbio mbio kwenda kuona mizinga. Jiwe hilo linamsifu Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635, kwa kuwatiisha watu wa pwani walioasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Jina la mfalme huyo halikuchongwa. Alizaliwa Yusuf bin Hasan, na Wareno wakamwita Dom Jerónimo Chingulia.

Ukoo wake, masultani wa Malindi, ulikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498. Baada ya Wareno kuiteka Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, ukoo huo ulihamia mji huo na kutawala chini ya kivuli chao. Urafiki ukaingia nyongo. Baba yake, Sultani Hasan, alikosana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko kwa njama za Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, India.

Yusuf, mtoto wa miaka kama 7, naye alipelekwa Goa hukohuko. Samaki mkunje angali mbichi, na ndivyo walivyofanya mapadri wa Kiagostino: walimbatiza, wakamlea, wakamsomesha. Alipokua alitumikia jeshi la majini la Wareno, akaoa mke Mkristo, Dona Isabel. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, na baadaye akamwandikia Papa barua ya utii.

Nyumbani hakuwa na pa kuegemea. Raia zake walimwona sultani anayekwenda kanisani, na Wareno hawakumwamini. Ndipo ikasemwa kwamba ameonekana akiomba kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake. Habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa.

Agosti 1631, katika siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni kisu. Akatangaza kwamba amerudi katika Uislamu. Wareno waliokuwa mjini walijifungia katika nyumba ya watawa wa Kiagostino, kisha wakauawa, wanaume kwa wanawake na watoto. Wakristo wakatakiwa kuchagua: kusilimu au kufa. Wako waliosilimu. Wako waliokataa, wenyeji wa pwani wakiwemo, na miongoni mwao alikuwamo ndugu wa ukoo wake mwenyewe, aliyebatizwa Dom António. Ushahidi wa vifo vyao ulikusanywa Goa, na Kanisa linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa.

Mapema mwaka 1632 Wareno walileta merikebu kutoka Goa wakaizingira ngome, wakashindwa. Mwezi Mei Yusuf aliuacha mji, akaondoka na merikebu aliyoiteka. Aliendelea kuwasumbua Wareno baharini hadi alipofariki mwaka 1638 upande wa Jeddah.

Wako wanaomwita murtadi, na wako wanaomwita shujaa. Mimi naona majina yote mawili yanaruka swali la kwanza: mtoto wa miaka 7, yatima mikononi mwa waliomuua baba yake, aliikana dini gani kwa hiari yake? Maji ya ubatizo yalimfikia kichwani tu. Lakini dhuluma aliyotendewa haihalalishi aliyoitenda. Aliyejua uchungu wa kupokonywa dini ndiye aliyewashikia wengine upanga ili waiache yao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Pwani yetu bado ina nyumba ambamo mtoto amebadili dini na wazazi wamemfungia mlango, au mchumba ameambiwa abadili dini ndipo afunge ndoa. Anayelazimishwa hutamka lililotakiwa, na moyo hubaki ulipokuwa. Siku ukifika Fort Jesus, simama kidogo chini ya lile jiwe. Mkumbuke Yusuf, uwakumbuke na wale waliokufa kwa amri yake. Wote walinyimwa haki ileile.